Ufa wa Agosti

Iliingia karakanani kwetu Mpwapwa
juu ya mkokoteni wa maji, imefunikwa blanketi la chuo,
mwenyewe akitembea ubavuni, kiganja juu yake.
Baba alidhani ni jeneza la mtoto.
Akavua kofia, akaniashiria nizime redio.

Ilikuwa selo. Mgongo umepasuka
kutoka begani hadi kiunoni.
"Usiku," alisema Bibi Gunela, "haikuguswa na mtu.
Ililia kama bunduki."
Baba akapitisha ukucha kwenye ufa.
"Huyo ni Agosti," akasema. "Hapa anapasua hata visigino."

Gundi ya dukani aliikataa.
Tukachemsha ya ngozi, kutwa nzima,
harufu ya kwato ikatanda mtaa
hadi majirani wakaja na mabakuli kuuliza supu,
na yeye, juu ya gogo la mninga, magoti yakimfika kidevuni,
akatusimulia maisha yake kwa Kiswahili cha Biblia:

babaye alisukuma magogo mtoni, kaskazini ya Uswidi,
mto ambao nusu ya mwaka hulala umekuwa jiwe.
Selo ya kwanza aliachiwa na marehemu mpiga kinanda wa kanisa;
miguu haikufika chini, wakamwekea kreti ya samaki.
Stokholm walimkataa mara mbili.
Mara ya tatu alikuwa na homa, akapita.
Kisha Gothenburg, okestra kubwa, gauni jeusi,
miaka kumi na tisa, safu ya tatu, kiti cha ndani.

Baba akauliza, kiti cha ndani ndiyo nini?
Wawili husoma karatasi moja, akasema.
Ukurasa ukiisha, wa nje anaendelea kupiga.
Wa ndani hushusha upinde, hugeuza.
"Na muziki?"
"Unaendelea. Mimi simo."

Baba alikoroga gundi muda mrefu.
Mimi, mtoto wa darasa la sita,
nikaanza hesabu ukutani kwa mkaa:
kurasa arobaini kwa usiku, siku themanini kwa mwaka,
nikafika elfu sitini na mia nane,
nikaona haya, nikafuta kwa kiwiko.

Siku nne tuliibana kwa jiliwa na mipira ya baiskeli.
Nywele za upinde nazo zilikuwa zimekwisha; farasi hatuna.
Nhonya, mpiga zeze wa Gulwe, akaleta katani
na donge la utomvu ndani ya kibiriti.
Sauti ikatoka na mikwaruzo,
kama ya mtu aliyeamka na bado hajanywa maji.
Bibi Gunela akasimama, akasikiliza pale ilipokomea,
akarudia. Akarudia tena.
Nhonya akaingia na zeze lake kwa chini, bila kuulizwa.
Hapakuwa na karatasi.
Hakuna aliyeshusha mkono
mpaka taa ilipotukaukia mafuta.

Alifundisha chuoni pale miaka kumi na mitatu.
Barua ya mwisho ilitoka kwa mpwa wake:
ufa wa baba yako umeshika,
ila fundi wa huku hajui ni gundi gani,
anataka kuufungua ajifunze.
Sikujibu. Ningeandika nini?
Kwamba ng'ombe alikuwa mwekundu, wa Mzee Lechipya,
na aliuawa na kiu?

Sasa nina karakana yangu, Dodoma, Chang'ombe:
vitanda, milango, madawati ya serikali.
Usiku wa Agosti mbao zinaalika.
Mke wangu hushtuka, hupapasa tochi.
Mimi siamki.
Nahesabu moja, mbili,
nasikiliza kama kuna anayeendelea.